Resham Kaur na Mbao za Wajapani

Resham Kaur Sangha alimdharau meneja mpya tangu siku ya kwanza, alipomwona akipita kiwandani na kofia ngumu ambayo kibandiko cha bei kilikuwa bado kimeganda kisogoni. Alisonya. Misumeno ilikuwa inanguruma, kwa hiyo hakuna aliyemsikia ila yeye mwenyewe.

Hiyo ilikuwa mwaka 1985, katika mji wa Tallis Bay, kisiwa cha Vancouver. Resham alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alikuja kutoka kijiji kimoja cha Wapunjabi karibu na Jalandhar akiwa bi harusi wa Ajaib Sangha, akazaa mabinti wawili, akafiwa na mume aliyelaliwa na gogo bwawani. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amesimama mahali pamoja, pembeni ya mnyororo unaoleta mbao kutoka kwenye misumeno. Ubao ulifika kila baada ya sekunde tatu. Aliupindua kwa ndoana, akautazama uso na mgongo, akautia alama kwa chaki ya nta: daraja la kwanza, la pili, la tatu, au wa kusagwa. Wengi walitazama vifundo na nyufa basi. Resham alitazama pete za mti zilivyobanana na nyuzi zilivyolala, na alijua ubao upi utanyooka miaka mia na upi utajinyonga ukishakauka.

Meneja, Lyle Haverstock, alikuwa ametoka Toronto. Wiki yake ya pili aliwakusanya wafanyakazi wote mia sita kwenye kantini na kusimama juu ya kiti.

"Dunia imebadilika," alisema. "Kampuni kubwa na nzito zinakufa. Sisi tutakuwa wepesi. Tutajipinda kama soko linavyojipinda. Jamani, tutakuwa kama maji!"

"Maji gani?" Resham alimuuliza jirani yake, kwa sauti iliyofika meza tatu. "Maji ya choo nayo ni mepesi, lakini yanakwenda upande mmoja tu."

Meza tatu zikacheka. Haverstock naye akacheka, maana hakuelewa, na hilo likamzidishia Resham dharau.

Wepesi wenyewe ukaonekana kabla ya Krismasi. Ilifungwa mashine yenye macho ya mwanga, ikapanga mbao madaraja bila mtu. Mia sita wakawa mia mbili na kumi. Kwa kanuni mkongwe hufukuzwa mwisho, na Resham alikuwa mkongwe kuliko wengi waliobaki, lakini kwake hakufukuzwa mtu, ilifutwa kazi yenyewe, na ukongwe wake ukakosa pa kushika. Mkataba wa kupunguza watu ulitiwa saini kwa niaba ya chama cha wafanyakazi na mwenyekiti wa tawi, Malkiat Sangha, kaka mkubwa wa marehemu mumewe.

Malkiat alikuja nyumbani kwake kueleza. Resham alijitanda kichwa kama ilivyompasa mbele ya shemeji mkubwa, akamwekea chai na mathri, vile vibiskuti vya chumvi vya Kipunjabi, akakaa akimtazama.

"Shemeji, tumepigana," Malkiat alisema.

"Mmepigana na nani? Mbona sioni hata mmoja aliyechubuka?"

"Ingekuwa mbaya zaidi. Walitaka wabaki mia na hamsini."

"Kwa hiyo niwashukuru. Nitie sukari nyingine?"

Malkiat hakuimaliza chai yake.

Serikali iliwaandalia waliopunguzwa kozi ya wiki kumi na mbili kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye tabasamu lisilochoka, aliyewafundisha wanaume wenye mikono kama mizizi namna ya kumkaribisha mtalii. Siku moja aligawa karatasi, kila mtu aandike uwezo wake. Wenzake waliandika mpaka nyuma ya karatasi. Resham aliandika neno moja: Naona.

"Unaona nini, mama?" mwalimu aliuliza kwa upole.

"Mbao. Na watu kidogo."

Mwalimu akafikiri, akachangamka. "Umewahi kufikiria kuuza sambusa?"

Resham aliondoka siku hiyo na hakurudi. Alikuwa hajui kupika sambusa. Kwake mapishi yalikuwa kazi ya Ajaib, na baada ya Ajaib, ya binti mkubwa.

Mji nao ukawehuka kivyake. Diwani mmoja alipata wazo la kuchora historia ya wakata miti kwenye kuta zote za barabara kuu, ili watalii washuke kwenye mabasi yao wapige picha na kununua aiskrimu. Mchoraji akaletwa. Akachora mafahali, mashoka, wanaume wenye ndevu za dhahabu wamekanyaga visiki. Resham alipita na mfuko wake wa unga, akautazama ukuta wa benki kwa muda mrefu. Kule nyuma kabisa, kando ya toroli, palikuwa na kilemba kimoja cha rangi ya chungwa, na chini yake uso usio na macho wala pua.

"Huyu ni nani?" alimuuliza mchoraji aliyekuwa juu ya ngazi.

"Ah, huyo ni ninyi," mchoraji alimjibu kwa furaha. "Wote kwa pamoja."

Miaka arobaini Wapunjabi walikuwa wamevuta mbao Tallis Bay, na wote wametoshea chini ya kilemba kimoja. Resham alicheka kwa sauti hadi mchoraji akashuka ngazi mbili kumtazama kama ni mzima.

Vuli ya pili baada ya mashine kuletwa, mnunuzi kutoka Japani, Bwana Onodera, alikuja kukagua shehena ya mwerezi wa manjano. Wajapani walizitaka mbao hizo kwa misingi ya nyumba, na walilipa vizuri kuliko mtu yeyote pwani nzima. Haverstock alikuwa ameijenga mipango yake yote juu ya mbao hizo. Onodera akavua koti, akafungua furushi la kwanza, akapitisha kidole gumba kwenye ubao. Akafungua la pili. La tano. Kisha akavaa koti lake na kusema neno moja la Kiingereza alilolijua vizuri: hapana. Mashine ilikuwa imepima unene na kuhesabu vifundo bila kosa. Nyuzi zilizojisokota haikuziona, maana hakuna aliyeiambia kwamba zipo.

Kesho yake mvua ilikuwa inanyesha, na Haverstock alisimama barazani kwa Resham, maji yakimtiririka shingoni. Resham aliongea naye kupitia mlango wa wavu bila kuufungua.

"Bi Sangha, tunahitaji jicho lako. Siku tatu tu."

"Na mashine yenu? Imeumwa macho?"

"Ina... mipaka yake."

"Mimi je? Wewe si ulisema kazi yangu haipo? Nitaifanyaje kazi isiyopo?"

Haverstock alifuta uso. "Sema unachotaka."

Resham alifikiri. Hakutaka pesa zaidi ya mshahara wake wa zamani. Alitaka kitu kingine, na alijua si kitu cha mtu mstaarabu, akakitaka vilevile.

"Mbao zinahitaji mtu wa kunipindulia," alisema. "Wapinduaji wangu mliwafukuza. Utapindua wewe."

Akapindua. Siku tatu mfululizo, uwanjani, meneja wa kiwanda aliinama na kuinuka, akapindua mbao mbichi nzito mbele ya wafanyakazi mia mbili waliojifanya wana shughuli karibu. Saa nne asubuhi ya siku ya kwanza glavu zake zilitoboka. Adhuhuri mgongo ulikataa kunyooka. Resham hakumpunguzia kasi.

"Huo upande nimeshauona. Mwingine. Mwingine, baba, ubao una pande mbili, hata Toronto."

Theluthi mbili ya shehena aliitupa. Kila alipotia alama ya kukataa Haverstock alifumba macho kidogo. Onodera alimfuata nyuma kimyakimya akigusa kila ubao kwa kidole gumba. Siku ya tatu alichomoa ubao mmoja kwenye rundo la waliokubaliwa, akauelekeza kwa Resham, akatikisa kichwa. Resham akaugeuza kuelekea mwanga, akamwonyesha pete, nyembamba kama kurasa za kitabu, akaurudisha palepale ulipokuwa. Onodera aliutazama tena kwa muda, kisha akacheka peke yake na kuinama mbele ya yule mama aliyevaa gumbuti.

Jioni hiyo Haverstock, akiwa amejishika kiuno, alimwambia, "Tukikuhitaji tena tutakupigia simu."

"Mwaka ule ulisema tuwe kama maji," Resham alimjibu. "Sasa unataka niwe bomba. Ufungue, ufunge."

Alikuwa tayari ameajiriwa na Onodera.

Kwa miaka saba Resham alizunguka pwani na gari lake kuukuu, akikagua mbao za Wajapani. Viwanda vikubwa vilikuwa vinapunguza watu au vinafungwa, na kwenye mabanda, nyuma ya nyumba, kando ya barabara za msituni, watu waliopunguzwa walikuwa wamesimika vimisumeno vyao na kuchana magogo wakiwa wawili watatu. Resham aligonga muhuri au akakataa, akaondoka. Aliwadharau pia hawa: uzembe wao, misumeno butu, na walivyomwita "mama yetu" walipotaka ubao mbovu upite.

Malkiat alimkuta gurudwara, hekaluni kwao, siku moja, wameketi chini wakila, dal na roti vikiwa kwenye sahani.

"Shemeji, unajua unachofanya?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Nafanya kazi. Wewe ulitia saini kwamba haipo."

"Yale mabanda hayana chama. Mtu akiumia hana wa kumlipia, akizeeka hana pensheni. Kila unapogonga muhuri, unamwambia Haverstock kwamba alisema kweli kuhusu ule wepesi."

Resham aliinuka, akaosha sahani yake, akaenda zake. Tangu siku hiyo hawakusemeshana.

Wiki chache baadaye alifika kwenye banda la Ole Bergstad, ambaye zamani alikuwa fundi wa kunoa misumeno kule kiwandani. Ole alikuwa anachana gogo, mkono wa kushoto umefungwa shati, na shati limelowa damu.

"Nenda hospitali, wewe!"

"Nikienda, gogo hili nani atalimaliza? Meli inaondoka Alhamisi. Kagua mbao tu, Resham. Ni nzuri, utaona."

Zilikuwa nzuri kweli, hazina dosari. Resham aligonga muhuri wa daraja la kwanza, ubao mmoja baada ya mwingine, huku Ole akiwa ameketi kwenye kisiki, uso mweupe kama chokaa. Alipomaliza ndipo alipomburuta hadi garini na kumpeleka kwa daktari. Kwamba alimaliza kwanza, hilo hakumwambia mtu. Alirudi nyumbani, akanawa, na kwenye kioo cha bafuni akajitazama kama alivyozoea kumtazama Haverstock.

Hata hivyo hakuacha. Angekula nini?

Mwaka 1994 kiwanda cha Tallis Bay kilifungwa kabisa. Mashine yenye macho ya mwanga iliuzwa, na magogo yakaanza kupita mbele ya mji yakivutwa baharini, mazima na magamba yake, kwenda kuchanwa kwa wengine. Haverstock alipandishwa cheo na kurudi Toronto. Mwaka uliofuata kampuni ya Onodera iligundua mbao za kuungwa kwa gundi kutoka Ulaya, ambazo hazihitaji jicho la mtu. Barua ilikuja na mistari mitatu ya shukrani, imepigwa chapa, bila saini ya Onodera, ambaye alikuwa ameshastaafu.

Resham aliisoma akiwa amesimama. Kisha akapiga simu ambayo hakuwa ameipiga kwa zaidi ya miaka miwili.

"Shemeji," alisema. "Nimepunguzwa."

Malkiat alikuwa amepunguzwa mwaka mmoja kabla yake, siku ile kiwanda kilipofungwa, na mkataba wa siku ile pia ulikuwa na saini yake.

"Mara ya pili," Malkiat alisema. "Wewe sasa ni mzoefu. Utatufundisha."

"Njoo Jumapili. Lakini chai utaimaliza."

"Inategemea maneno yatakayoambatana nayo."

"Maneno ni yaleyale."

Malkiat akaguna, akasema atakuja na mkewe, na mathri waje nazo wenyewe, maana zile za nyumbani kwa Resham, tangu Ajaib afariki, zilikuwa haziliki.