Saa Nilizozificha

Mtakaosoma, naomba mnivumilie kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimeshika panga mara nyingi kuliko kalamu. Herufi zangu zinalala upande, na yapo maneno ambayo sina uhakika nayo hata baada ya kuyafuta mara mbili. Ukurasa mmoja unanimalizia mchana mzima wa Jumapili. Pamoja na hayo nimeandika mwenyewe, maana jambo lenyewe lilinitokea mimi.

Kwetu ni Ijumbi, Muleba. Nyumbani tulikuwa watatu, mama, dada yangu na mimi. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Dada amenizidi miaka sita. Aliolewa na mvuvi akahamia Bumbire, na huko kisiwani akajifungua mtoto wa kike. Mtoto alifariki akiwa na miezi saba, kwa homa ya siku mbili tu. Baada ya mazishi shemeji alimleta dada kwetu apumzike kidogo, yeye akarudi kwenye dagaa. Huko kupumzika kidogo kukawa mwaka.

Dada hakuwa akilia. Angekuwa analia tungejua la kufanya. Alikuwa anakaa kitandani akitazama mlango, na ukimwuliza kitu alijibu baada ya muda mrefu, kama anayeitwa kutoka mbali. Hakuoga mpaka aitwe mara tatu. Kibanja, yaani shamba letu la migomba, hakukitia mguu, na hapo zamani yeye ndiye aliyekuwa anatandaza nyasi chini ya migomba mpaka wapita njia wakasifu.

Lakini mgeni akija, dada aliinuka. Alivaa kitenge kizuri, akafunga kilemba, akaketi mkekani, akatabasamu. Jumuiya ya kanisa ikisali kwetu aliimba. Mgeni akishatoka alirudi kitandani akalala chali kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kwa hiyo majirani walisema amepona. Mama naye alitaka iwe hivyo.

Kazi zake nilizichukua mimi. Mama mgongo unamsumbua, na ndiye anayekwenda sokoni. Mimi nilichota maji, nikafua, nikaosha vyombo, nikamenya ndizi. Hili la kumenya ndizi ndilo lililoniumiza. Kwetu mwanamume anakata mkungu, anauleta jikoni, anauacha hapo. Kumenya ni kwa wanawake. Utomvu wa ndizi unaacha weusi kwenye vidole usiotoka kwa sabuni, kwa hiyo mtu akikutazama mikono anajua. Vijana wenzangu kisimani walijua.

"Shikamoo, wifi," walikuwa wananisalimu. "Mume hajambo?"

Mimi ni mtu wa aibu tangu utotoni. Nilichofanya ni kuhamia nyuma ya jiko, nikawa namenya nimeelekea migombani, mgongo kwenye njia.

Ndipo watu wa utafiti walipokuja kijijini kwetu. Mwenyekiti alitutangazia mapema. Walitaka kujua kama mtu mwenye huzuni isiyoisha anaweza kusaidiwa na vikao vya mazungumzo pale zahanati, vikiongozwa na wahudumu wa afya wa vijiji vyetu, badala ya kumsubiri daktari wa akili aliye mbali. Tena walitaka kujua ugonjwa wa namna hiyo unaigharimu familia nini. Majibu yangewekwa pamoja na kumbukumbu za zahanati, bila majina, kila mtu na namba yake. Nilisikiliza nikiwa nyuma ya watu, na nikasema moyoni, huyu ni dada yangu wanayemtafuta.

Aliyekuja nyumbani alikuwa mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Kashozi, mwenye kishikwambi cha kuandikia majibu. Tulimwita dada wa utafiti. Mama alimpokea sebuleni, akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, kama tunavyomfanyia kila mgeni. Wakaulizana habari za njiani, za mvua, za migomba ya Kashozi. Yote mazuri. Mama alitulea hivyo. Mgeni wa mara ya kwanza anapewa kahawa na habari njema, na mabaya atayasikia akirudi, kama ni mtu wa kurudi.

Alianza na maswali ya nyumba. Akaniuliza mimi, "Kwa siku unatumia saa ngapi kufanya kazi ambazo dada yako angezifanya kama angekuwa na nguvu?"

Nilikuwa nimekalia mikono yangu. Mama alikuwa anatazama chini. Nikajibu, "Hakuna."

"Hakuna kabisa, mdogo wangu?"

"Hakuna. Mimi nakata mikungu tu."

Akaandika sifuri. Kisha akamgeukia dada, sisi tukatoka nje. Lakini sebule yetu ina dirisha, na dada hakupunguza sauti. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo? Hata siku moja. Umekosa usingizi? Hata siku moja. Umejisikia huna thamani? Hata siku moja, waitu. Alijibu kwa waitu yetu ya heshima, kwa sauti ileile ya kuulizwa habari za mvua.

Baada ya hapo dada wa utafiti alitushukuru. Alisema kwa majibu haya dada hataingia kwenye vikao, maana vikao ni vya wenye hali iliyozidi kiwango fulani, na nafasi zitafungwa mwisho wa mwezi. Mama akamsindikiza mpaka barabarani. Dada alivua kilemba, akarudi kitandani. Niliporudi ndani nilimkuta ameugeukia ukuta, na chakula cha mchana hakukigusa.

Siku mbili zilizofuata nilijisikia vibaya kuliko siku zote. Dada alisema uongo kwa sababu ya adabu na ugonjwa. Mimi nilisema uongo kwa sababu ya ndizi.

Kuongea siwezi, hasa mbele ya watu wa ofisini. Nikachana karatasi nne katikati ya daftari, nikaandika. Sikuandika maneno ya huzuni, niliandika kazi. "Asubuhi nachota maji ndoo tatu. Nusu ndoo naweka kwenye beseni, namwita dada aoge. Asipotoka nangoja, namwita tena. Namenya ndizi za mchana. Nachambua maharage. Nakaa naye mpaka ale, maana nikiondoka anaacha." Muda niliutazama kwenye simu ya mama, mwanzo na mwisho wa kila kazi. Kuandika kulinichukua siku nne. Nilipojumlisha nilipata saa saba kwa siku. Nikajumlisha tena nikidhani nimekosea.

Nikazipeleka Bukoba, kwenye ofisi yao. Dada wa utafiti alikuwepo, pamoja na kaka mmoja aliyekuwa kwenye kompyuta akipanga takwimu. Nilisalimia, nikampa karatasi, nikasimama. Alisoma zote nne. Yule kaka alinyoosha shingo akasoma begani kwake.

"Kumbe Ijumbi wanaume wanamenya ndizi," akasema.

"Kwako zinajimenya?" dada wa utafiti akamwuliza bila kuinua macho.

"Kwangu kuna mke."

"Basi mke akiugua utakufa njaa na digrii yako."

Yule kaka akacheka, akanivutia kiti. Sikuwahi kuvutiwa kiti ofisini.

Dada wa utafiti akanieleza taratibu, na ninayakumbuka maneno yake. "Majibu ya dada yako siwezi kuyagusa. Akisema sifuri mara kumi, nitaandika sifuri mara kumi, maana ni yake. Wewe pia huna ruhusa ya kumjibia. Lakini jibu lako ni lako. Kama ulikosea, unaweza kulisahihisha."

"Nikilisahihisha itasaidia nini?"

Akamtazama kaka wa takwimu. Kaka akanijibu, sasa bila utani. "Nyumba inasema mgonjwa hana tabu. Nyumba hiyohiyo ina mtu anayefanya kazi zake saa saba kila siku. Hayo hayapatani. Majibu yasipopatana, utaratibu unatutaka turudi tuulize upya."

Wakanipa fomu ya masahihisho. Nilitaka kuisugua ile sifuri mpaka ipotee, dada wa utafiti akanizuia. Alisema wanapiga mstari mmoja tu, ili jibu la kwanza liendelee kusomeka, kisha unaandika la pili pembeni, tarehe na saini. Hapo aibu ilinishika kweli. Ina maana karatasi itakaa kwenye faili ikionyesha nilichoficha na kwamba nilikificha. Nilikaa na kalamu mpaka yule kaka akainuka kwenda kuchemsha chai. Nikapiga mstari, nikaandika saba, nikaandika majina yangu yote matatu.

Nyumbani nilimweleza mama. Alikuwa anapepeta maharage kwenye ungo.

"Umekwenda kututangaza Bukoba?"

"Nimejitangaza mimi tu, mama. Nimesema ninachofanya."

Akapepeta muda mrefu. Nilidhani amekasirika, nikaanza kuondoka.

"Umeandika na kufua?" akauliza.

"Nimeandika."

"Mablanketi je? Yale unayafua peke yake, Jumamosi."

"Mablanketi nilisahau."

"Basi saba ni chache," mama akasema. "Wakirudi utawaambia."

Walirudi kabla ya mwisho wa mwezi. Dada wa utafiti alikuja peke yake, na safari hii hakukubali kuingia sebuleni. Alisema yeye si mgeni tena. Alizunguka mpaka nyuma ya jiko alikonikuta na mkungu, akaomba kisu, akaketi kwenye kigoda akamenya. Dada yangu alisikia sauti akatoka, bila kilemba, amevaa gauni lake la kulalia. Alisimama mlangoni akitazama kile kisu.

"Kashozi mnamenya hivyo?" akasema. "Nusu ya ndizi inakwenda na ganda."

"Nimekaa mjini sana," dada wa utafiti akasema. "Nionyeshe."

Dada hakuchukua kisu. Aliketi karibu yake tu, akasema, "Punguza. Bado. Punguza tena." Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyotupa sisi kwa wiki nzima. Dada wa utafiti alinipa ishara ya kichwa niondoke, kwa sababu maswali ni ya siri. Nikachukua panga nikaenda kukata nyasi upande wa juu. Kutoka kule niliwaona wameinamiana. Wakati fulani kishikwambi kilikuwa chini kwenye majani na dada yangu alikuwa ameshika kichwa. Mama naye alitoka na kisahani cha kahawa, akawaona, akarudi nacho ndani. Nilikata nyasi za kutosha kibanja kizima.

Waliyoongea siyajui. Ninachojua ni alichoniambia dada mwenyewe jioni, bila kuulizwa.

"Nimempa siku zangu mbaya zote," alisema. "Amesema Jumatano niende."

Vikao vilikuwa kila Jumatano pale zahanati, wanawake nane na mhudumu wa afya mmoja. Mara ya kwanza nilimsindikiza mpaka mlangoni na kumsubiri nje. Wiki iliyofuata tulifika nusu ya njia akataka kurudi, tukakaa kando ya barabara mpaka akainuka mwenyewe. Baadaye alikuwa anakwenda na mwenzake wa kijiji jirani, nikawa sihitajiki. Hakupona kama taa inavyowashwa. Zilikuwepo wiki alizorudi nyuma kabisa. Lakini shemeji alipokuja kututembelea, aliambiwa naye aende kikao kimoja, akaenda akilalamika. Waliporudi niliwasikia wakilitaja jina la mtoto wao. Tangu msiba sikuwa nimelisikia likitajwa nyumbani kwetu.

Utafiti ulipokwisha, wakubwa wao walikuja ofisi ya kata kutueleza kilichoonekana. Mengi yalikuwa michoro na sikuyaelewa yote. Lakini kulikuwa na mchoro mmoja wa gharama za ugonjwa. Sehemu moja ilikuwa dawa, nyingine nauli, na sehemu kubwa kuliko zote, yenye rangi ya kijani, ilikuwa kazi ya watu wa nyumbani wasiolipwa. Yule kaka wa takwimu ndiye aliyekuwa anaeleza. Alisema sehemu hii mwanzoni ilikuwa ndogo, mpaka waliporudi kuuliza tena kwenye nyumba ambazo majibu hayakupatana, maana wanaume wengi walikuwa wamejibu hakuna. Hakunitazama aliposema hayo. Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na mlango, na nilijua kwamba ndani ya ile rangi ya kijani zimo saa zangu na mablanketi ya Jumamosi. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia kile kipande cha mchoro. Wenzangu wa kisimani walikuwepo pia. Mmoja wao, ambaye mama yake amepooza upande mmoja, alinikuta nje akaniuliza kwa sauti ya chini kama na saa zake zingehesabiwa. Nikamwambia zingehesabiwa.

Mwezi uliopita dada alirudi Bumbire. Mama aliogopa kumwacha aende, lakini dada alisema anataka kulisafisha kaburi la mwanawe kwa mikono yake na kukaa karibu nalo. Tuliongozana naye mpaka mwaloni, boti zinapotia nanga, shemeji akapakia mizigo botini. Dada alipokwisha kuketi botini nilimwona akisogea ili mwanamke mwenye kichanga apate kukaa, kisha akamwuliza ana miezi mingapi. Mwanamke akajibu. Dada akatazama maji kidogo, kisha akasema nipe nikushikie ukipanga mizigo. Akampokea. Mama akaniambia twende, tusiwasubirishe, na tukapanda njia ya kurudi.

Ananipigia simu siku ambazo mtandao unashika. Siku nyingine anasema leo si nzuri, anasema hivyohivyo, na mimi namsikiliza mpaka amalize.

Kama nawe unamhudumia mtu nyumbani, hasa kama wewe ni kijana na unafanya kazi ambazo unazificha, niandikie kupitia hao hao waliokufikishia karatasi hizi. Uniambie ni kazi gani na ni saa ngapi kwa siku. Usijali mwandiko. Nasoma polepole na kujibu kwangu ni polepole zaidi, lakini nitakujibu.