Walimfunika Vizuri

Ofisini walimwita Mama Mafungu, naye aliitikia. Kazi yake ilikuwa kusoma yale ambayo watu huandika kwa maneno yao wenyewe mwishoni mwa dodoso, pale wanapoulizwa kama wana lolote la kuongeza, kisha kuyapanga mafungu mafungu: foleni, usafi, dawa, lugha ya wahudumu.

Zamani walikuwa watatu kwenye meza moja. Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale bali umri ndio uliompa cheo, alisoma kwa sauti. Kicheko, mwenzao wa tatu, alidakia. Mama Mafungu ndiye aliyekata shauri.

"Huyu anasema nesi ana mdomo kama pasi ya moto."

"Lugha ya wahudumu!"

"Wapi! Huyo kachomwa sindano vibaya, ana hasira zake. Weka matibabu."

Walibishana mpaka chai ikapoa.

Kisha ikaja programu ya kompyuta. Ilimaliza rundo zima kabla Shangazi hajaipata miwani yake. Meneja, kijana mwenye adabu zake, akawaeleza kwa upole kwamba atabaki mmoja tu wa kuikagua, na akabakizwa Mama Mafungu. Siku ya kuagana Kicheko alilia kwa niaba ya wote. Mama Mafungu alikata keki, akagawa, akaosha kisu. Alingoja uchungu uje, haukuja.

Tangu hapo alikaa peke yake mbele ya kioo cha kompyuta. Jibu linatokea, pembeni yake fungu lililochaguliwa na programu, chini yake kitufe cha Kubali. Anabonyeza. Linakuja lingine. Mumewe akimuuliza habari za kazi, alijibu, "Kawaida."

"Na mboga nimeipikaje leo?"

"Kawaida."

"Haya, mke wangu," mumewe alisema, akajipakulia tena.

Siku moja yaliletwa majibu ya hospitali. Katikati ya malalamiko ya foleni na vyoo likatokea jibu la maneno mawili: "Walimfunika vizuri." Programu ilikuwa imeliweka kwenye Shuka na Vitanda.

Kidole chake kikasita. Mama yake mzazi alifia wodini mwaka uliopita, na yeye hakulia, si msibani wala baadaye. Aliishi kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, ganzi haijaisha: unagusa shavu, unajua ni lako, basi. Aliyasoma yale maneno tena. Kisha akampigia Shangazi.

"Ungeliweka wapi hili?" Akamsomea.

"Huyo kafiwa, mwanangu. Anashukuru. Weka shukrani."

"Si shuka?"

"Shuka, shuka! Nani akifiwa anasifia shuka?"

Akalihamishia kwenye Shukrani. Alichosahau ni kwamba programu ile ilijifunza kwa kila alichosahihisha. Mchana meneja akaja na karatasi mkononi.

"Mama, samahani. Hapa mtu analalamika kalazwa kwenye shuka yenye damu ya mgonjwa mwingine. Programu inasema anashukuru."

"Imejifunza kwangu, kwa jibu moja nililolihamisha asubuhi."

"Yako mengi hivi, majibu ya shuka yote. Tulirudishe lile jibu lako, au vipi?"

"Tulirudishe."

Akalirudisha kwenye Shuka na Vitanda, akabonyeza Kubali. Hakukasirika. Kijana hakuwa na kosa, na wenye shuka chafu nao walistahili kusikilizwa. Alifanya kazi mpaka saa ya kutoka, akachukua mkoba wake.

Jumamosi Shangazi akaja kwake bila taarifa, anahema kwa ngazi. Alivua viatu, akaketi jikoni, akaanza kumenya viazi vilivyokuwa mezani kama yuko kwake.

"Ulimaliza vipi na yule mfiwa?"

"Nimemrudisha kwenye shuka. Alikuwa anaharibu wengine."

Shangazi akacheka, kisha akaacha. "Na mama yako? Walimfunika?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Niliambiwa nikalete maji ya kunywa. Nilikuta foleni dukani. Niliporudi kitanda kilikuwa kitupu, kimeshatandikwa." Alisema kwa sauti ileile ambayo angeulizia chumvi. "Nilikuwa na chupa mkononi. Nikakumbuka kwamba hapendi ya baridi, na ile ilikuwa ya baridi."

Shangazi hakumwambia pole. Aliweka kisu chini, akakivuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, akamshika kiganja.

Mama Mafungu aliutazama ule mkono wa kizee juu ya wake. Ulikuwa umelowa maji ya viazi, na ulikuwa wa baridi, hilo alilisikia.

"Kaa mpaka jioni," alisema.

"Kwani nina wapi pa kwenda?" alijibu Shangazi.