Kadi ya Gari la Joviana

Mwaka 1988 Ndyamukama wa Kashozi alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja tu. Wanawe wawili wa kiume alishawazika kibanjani, katika shamba lake la migomba, wa pili kabla matanga ya wa kwanza hayajasahaulika, kwa ugonjwa ule uliokuwa ukifunga nyumba za Bukoba milango. Aliyebaki ni Joviana, binti wa miaka ishirini na moja, aliyefundishwa udereva na masista wa misheni akapata leseni kwa jaribio la kwanza.

Mzee alijua kwamba siku akifa, ukoo utakuja. Kibanja ni mali ya ukoo. Binti hula ndizi zake lakini harithi. Wadogo zake mzee walikwishaanza kupita pale jioni, wakihesabu migomba kwa macho. Basi akauza ng'ombe wake wote wanne.

"Nitakununulia gari," alimwambia Joviana. "Kadi itaandikwa jina lako. Gari halina ukoo."

Magari yalikuwa mawili. Mwalimu mmoja wa Buhembe aliuza pikapu aina ya Datsun, inayong'aa, bei yake ya kumkalisha mtu chini. La pili lilikuwa Peugeot kuukuu la mfanyabiashara wa Muleba. Aliyeitwa kuyakagua ni Kagaruki, fundi, ambaye alilala chini ya yote mawili na kutoka na matope mgongoni.

"Chukua Peugeot," akasema. "Bodi utaipaka rangi. Injini haipakwi rangi."

Na alisema kweli, tusimnyime haki yake. Gari lilikuwa zima. Uozo ulikuwa kwingine.

Kwenye ofisi ya bima karani aliwaeleza wazee hao wawili kwamba bima ndogo humlipa unayemgonga, na bima kubwa hulipa na gari lako. Ila kwa dereva wa chini ya miaka ishirini na mitano, bima kubwa huongezeka karibu nusu. Pesa ya Ndyamukama haikufika huko. Kagaruki akamvuta nje.

"Munywani wangu, tuandike kadi jina langu. Mimi nina miaka hamsini, sijagonga hata kuku. Bima kubwa tutaipata kwa pesa hiyo hiyo. Mwakani tunabadilisha, linakuwa la binti."

Mhaya wa Kashozi husoma hata gazeti lililofungiwa chumvi, lakini siku ile mzee hakudai mstari mmoja wa maandishi. Wakati wa vita vya Kagera, yeye na Kagaruki wakiwa mgambo kule Kyaka, walichanjana, wakapaka damu kwenye buni mbili za tunda moja, kila mmoja akatafuna ya mwenzake. Huo ndio mkago, undugu wa damu, na waliochanjana huitana munywani. Anayemdhulumu mkago wake, walisema wazee, buni humvimba tumboni mpaka apasuke. Kumdai karatasi mtu wa namna hiyo ni kumtukana.

"Tata, kadi iko wapi?" Joviana alimuuliza baba yake jioni ile.

"Nimeihifadhi. Jina lako limekaa vizuri."

Alisema hivyo kwa aibu tu, akijipa moyo kwamba mwaka si mwingi.

Miezi minane Joviana alipakia samaki waliotoka kisiwa cha Bumbire, kutoka mwaloni Muleba walikoshushwa hadi soko la Bukoba. Wachuuzi walimpenda kwa sababu hakuchelewa na hakunywa. Kila mwezi aliuliza kadi, na kila mwezi aliambiwa ipo. Mvua za Aprili zikaja, utelezi ukalichukua gari mteremkoni, likabingirika mara tatu. Joviana alitoka na mkono uliovunjika. Gari halikufaa hata kwa vyuma chakavu.

Ndyamukama alimshukuru Mungu, kisha akaenda kwa Kagaruki akiwa na matumaini. Si bima kubwa ipo? Kagaruki akamkaribisha rubisi, pombe ya ndizi, akamwambia, "Hizo karatasi niachie mimi."

Baada ya wiki tatu baba na binti wakaitwa polisi. Afande akawasomea maelezo ya mwenye gari: "Gari langu liliibwa nyumbani kwangu. Msichana aliyekuwa akiliendesha simjui, wala sikumpa ruhusa." Chini yake palikuwa na sahihi ya Kagaruki.

Ndyamukama aliisoma sahihi ile mara mbili. Simjui! Mtoto aliyekuwa akimpigia magoti na kumwita baba mdogo! Bima isingelilipia gari aliloruhusu liendeshwe na kijana wa chini ya miaka ishirini na mitano; lililoibwa ingelilipia. Ili alipwe yeye, mtoto awe mwizi, afungwe. 

Joviana yeye alicheka.

"Afande, huyo anadanganya. Gari ni langu. Tata aliliandikisha jina langu, kadi ameihifadhi. Mwambie, Tata waitu."

Mzee akatazama sakafu.

"Mwanangu, kadi haipo."

"Imepotea?" afande akauliza.

"Yenye jina lake haikuwahi kuwapo. Tuliandika jina la yule, ili bima ipungue."

Joviana hakumtaja Kagaruki kabisa.

"Kila mwezi nilikuuliza," alimwambia baba yake, taratibu. "Kila mwezi."

Kisha akamgeukia afande, akauweka sawa mkono wake wenye bandeji, akaomba maelezo yake yaandikwe upya. Afande alipomuuliza gari lile alilipata kwa nani, alijibu, baba yake akiwa pale pale, kwamba alipewa na mzee mmoja wa Kashozi.