Kifua Kizima Si Damu Safi

Asubuhi ile ya kijijini Mpemba naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Waingereza walikuwa bado wanatutawala, na mimi nilikuwa mke kijana. Nilijifunga kanga, nikamwambia mama mkwe naenda Tunduma, pale mpakani, kununua chumvi. Chumvi ilikuwapo ndani, tele. Nilikuwa naenda kutafuta sindano.

Ngoja nikueleze kwanza, usije ukaniona kichaa. Nilikuwa na mimba ya tatu. Mtoto wa kwanza alitoka akiwa amekwisha kufa tumboni. Wa pili alizaliwa hai, mdogo, ngozi ya viganja na nyayo inabanduka, wala hakufika siku ya kubatizwa. Sasa huyu wa tatu kila nikiamka najishika tumbo: jamani, bado yupo? Nilikuwa naogopa kucheka, naogopa kuinama shambani, naogopa hata kumtajia mtu. Mama mkwe naye alikwisha kuanza habari za mganga mmoja aonaye nani anamloga nani. Na moyo wangu ulikuwa unaniambia kwamba hapa hakuna mchawi.

Kwa nini? Mume wangu, Yeremia, alikuwa ametoka migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Alirudi na baiskeli, gramafoni na suti ya kijivu, na vijana wote wa Mpemba wakatamani kuwa yeye. Lakini baada ya kumzika yule wa pili aliniambia, uso ameugeuzia ukutani, kwamba huko mgodini alipata kidonda sehemu za siri, akanywa mizizi, kikakauka. "Kilipona kabla sijakuoa," akasema. Basi, kwake yakaisha. Mimi ndipo usingizi uliponiruka.

Utaniuliza, bibi, dispensari haikuwapo? Ilikuwapo, mwanangu, tena karibu. Ila ilikuwa chumba kimoja, na aliyekaa mlangoni husikia anachosema aliye ndani. Ng'ambo ya njia palikuwa na nyumba ya mzee wa kanisa, mtu mwema, lakini macho yake hayakujua kupumzika. Siku zile ukisikika una ugonjwa wa zinaa, Jumapili unakaa benchi la nyuma na meza ya Bwana unaiona kwa mbali. Hakuna aliyeuliza nani alikuambukiza. Tunduma, siku za soko, alikuwa anakuja mtu mmoja na kopo la sindano. Huyo hakuuliza jina. Hakuuliza chochote. Nikaona huyu ndiye.

Sikufika hata nusu ya njia. Nani namwona anakuja na kikapu cha ulezi kichwani? Shangazi Nakamba, dada wa baba yangu, anatoka kwetu Msangano kuja kunitazama. Mwanamke mfupi, ulimi kama wembe. Nikajaribu kutabasamu. Ah wapi! Akatua kikapu.

"Chumvi gani inamtoa mtu jasho asubuhi hii?" akaniuliza. "Sema."

Kwetu, mwanangu, mambo ya chumbani mwanamke hayapeleki kwa wakwe. Hata jina la baba mkwe mimi nilikuwa silitamki, na akipita njiani nilikuwa napisha pembeni. Mzigo wa namna ile una mbebaji wake, naye ni shangazi. Nami nilikuwa nimejaribu kuubeba peke yangu. Nikalia pale pale barabarani, nikamwambia yote: watoto, kidonda, mtu wa kopo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika sikio, mimi mke wa mtu!

"Wewe! Unatafuta mahali pa kupona au mahali pa kujificha? Huyo wa kopo atakuchoma dawa ya ugonjwa gani, na hajakupima? Amejuaje? Sindano yenyewe nimemwona akiipangusa kwa shati, akitoka kwa huyu anaingia kwa yule. Utaenda na ugonjwa mmoja urudi na miwili. Mficha uchi hazai, binti yangu. Kwako si methali tena, ni habari yako."

Maneno hayo yaliniingia, hata leo nikiyataja nasikia baridi. Akajitwika kikapu chake, akaniongoza kurudi nyumbani, nami nyuma yake nawaza Yeremia atasemaje.

Yeremia alikuwa nyuma ya nyumba anaziba pancha. Shangazi akakaa juu ya kinu kilicholazwa, bila salamu ndefu, akamwambia kwa upole: "Baba, nimeletwa na tumbo la mke wako. Nataka mwende hospitali, nyote wawili, mkapimwe damu."

Loo! Yeremia alisimama kama amekanyaga moto.

"Mimi? Mimi nimepimwa, shangazi! Mgodini hawachukui mgonjwa. Daktari mzungu alituvua nguo wote, akatupanga mstari, akanigonga kifua, akanipima uzito, akanigonga muhuri mkononi. Nilipita! Kila mkataba mpya nilipita. Sasa nani ananiambia mimi mgonjwa?"

Na hili, mwanangu, hakulibuni yeye. Wanaume wote wa huku waliotoka migodini walishikilia imani hiyo hiyo. Muhuri ule wa mkononi waliuona cheti cha mwili mzima, toka utosi mpaka unyayo. Ukimwambia mtu akapime, anakuonyesha mkono, hata kama wino ulifutika zamani.

Shangazi hakupandisha sauti. "Huyo daktari alikuwa anatafuta kifua cha kubeba mawe. Alikipata. Damu yako aliitoa?"

Yeremia akainamia gurudumu la baiskeli.

"Nakuuliza, baba. Damu aliitoa, akaipima?"

"Hapana," akasema Yeremia.

"Basi kifua chako kizima, hongera. Damu bado hatujaijua."

Yeremia akachukua baiskeli, hata pancha haijazibwa sawasawa, akaondoka anaisukuma kuelekea barabara ya Tunduma. Mungu wangu! Nilijua amekwenda zake. Wengi walifanya hivyo. Maneno yakiwa mazito, mtu anavuka mpaka, anarudi mgodini, unabaki kusikia habari zake kwa wapita njia. Jua likazidi kuteremka. Nilichagua ulezi ule ule mpaka shangazi akaninyang'anya ungo. "Hata ukienda peke yako," akaniambia, "utatibiwa. Lakini akibaki yeye na ugonjwa wake, atakurudishia. Utakuwa unapiga deki na paa linavuja." Nikamuuliza, basi nifanyeje? Akasema hajui. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, maana sijapata kumsikia shangazi akisema hajui.

Jua lilipokaribia kuzama Yeremia akarudi, viatu vyeupe kwa vumbi. Akasimama mbele ya shangazi, mtu mzima yule.

"Na nikikutwa nao," akasema, "si itakuwa ni mimi niliyewaua wanangu?"

Kumbe! Mimi nilidhani ana aibu, au kiburi. Kumbe alikuwa na hofu ile, ameibeba peke yake tangu tulipomzika wa pili. Nilimhurumia, na papo hapo nilimchukia. Yote mawili, mwanangu. Usidhani moyo wa mtu una chumba kimoja.

Shangazi akamshika mkono. "Wale wawili tumewazika, baba, na hukujua. Huyu yumo humu ndani, na sasa unajua."

Kesho yake tukaondoka. Dispensari ya jirani tuliiruka, na si kwa sababu ya yule mzee wa kanisa. Shangazi alikuwa ameuliza, akaambiwa damu hawapimi pale, hutoa dawa ya homa na kufunga vidonda. Alitupeleka hospitali ya misheni, kule Mbozi. Tulitembea, tukapata lori la kahawa, tukatembea tena. Njia nzima mimi na Yeremia hatukusemezana.

Pale, mwanangu, ndipo nilipoona tofauti. Muuguzi mmoja, mama wa Kinyiha, kabila la huko, aliniita peke yangu, akafunga mlango. Aliniuliza mambo ambayo hata mama yangu hakuwahi kuniuliza, lakini kwa sauti ya kuniuliza tu, si ya kunihukumu. Akanionyesha sindano inayotoka kwenye maji ya kuchemka. Akaniambia anatoa damu kiasi gani na inakwenda kutafutwa nini. Ugonjwa akautaja kwa jina lake, kaswende, akasema huweza kulala mwilini miaka na mtu asijisikie chochote, kidonda kikishakauka. Kisha akauliza: "Mume wako yuko wapi?" Nikasema nje. Akatabasamu. "Wengi huwaacha nyumbani."

Nikatoka, akaingia Yeremia. Nikakaa benchini. Nikainua macho, na nani ameketi upande wa pili na mke wake? Yule mzee wa kanisa wa kwetu!

Tukatazamana. Akakohoa. "Jino," akasema. "Nimekuja na jino." Na benchi la meno liko upande wa pili wa uwanja! Mkewe akainamisha kichwa, sijui alikuwa anacheka au analia. Nikamjibu, "Pole kwa jino, mzee." Mpaka anakufa hakuna aliyemtaja mwenzake. Ndiyo, nacheka, lakini siku ile nilimwonea huruma. Na yeye alikuwa ametembea mbali kuja kuogopa kama mimi.

Jibu halikuja siku hiyo. Tulikaa kwenye vibanda vya wagonjwa, tunajipikia, tunasubiri. Kusubiri kule sikutakii hata adui yangu. Nikisikia mlango unafunguliwa, nainuka. Mtoto akitulia, nadhani amekufa; akicheza, nadhani anataabika. Yeremia alikuwa anakwenda kuchota maji wakati ndoo imejaa. Nilimwekea chakula, nikageuka. Sikuwa na neno la kumpa.

Tulipoitwa, kila mtu aliambiwa lake, kisha wakatuuliza kama tunakubali kuambiwa pamoja. Tukakubali. Wote wawili tulikuwa nao.

Yeremia aliangua kilio kama mtoto. Mimi sikulia. Niliuliza swali moja: huyu aliye tumboni atapona? Daktari hakunidanganya, akasema tumewahi, dawa ipo, lakini hawezi kuniapia. Basi tukaanza sindano, dawa nyeupe kama maziwa, inauma mpaka unakanyaga chini. Yeremia alipojisikia ana nguvu akataka turudi kulima. Nilimtazama tu. Akarudi kuketi. Tulimaliza dawa yote, na baadaye tukarudi tena kupimwa, kuhakikisha.

Miezi ile iliyobaki niliihesabu kwa roho juu. Sikushona nguo ya mtoto wala sikutafuta jina. Uchungu uliponishika, shangazi Nakamba ndiye aliyekuwa mgongoni kwangu. Mtoto akatoka. Kimya. Shangazi akamgeuza, akamsugua mgongo, kimya bado, nami najisemea, Bwana, si tena, si tena. Yeremia alikuwa nje ya mlango, mahali ambapo mwanamume hapaswi kusimama, na wala hakuuliza kama ni wa kiume au wa kike. Nilimsikia anaita: "Analia? Shangazi, analia?"

Hakujibiwa na shangazi. Alijibiwa na mtoto mwenyewe.

Basi mwanangu, wewe unayezunguka na wasiwasi wako kifuani, sikia neno la mwanamke aliyekwisha kupita njia hiyo. Usichague mahali pa kupimwa kwa sababu tu hapana anayekujua. Chagua mahali wanapopima kweli, wanapofunga mlango, wanapokuambia wanatafuta nini, na jibu lako halitoki nje ila kwa mdomo wako. Anayekupa dawa bila kupima anabahatisha tu. Ukishapimwa kitu kimoja, usijidai umepimwa vyote. Uliza, hii ni ya nini, na ile? Wala usingoje maumivu, maana ugonjwa huu hukaa kimya. Mchukue mwenzako, hata kama mnakwenda mmenuniana. Sisi tulinuniana, na tukapona. Dawa imalize, ukitakiwa kurudi, rudi. Na ukikutwa nao, usitafute wa kumpiga jiwe kabla hujatafuta wa kuokoa. Hasira ina siku zake, nami yangu ilichukua miaka, lakini ilikwisha huku mtoto anakimbia uani.

Haya, inuka, nenda mchana kweupe. Mungu akutangulie barabarani, awape mikono safi watakaokushika, akupe moyo wa kulisikia jibu na miguu ya kulirudia. Na nyumba yako, mwanangu, isikose mtoto wa kuwanyima usingizi.