Tanbihi Nilizodhani Hazionekani

Boti ya hoteli yetu hapa Diani ilizama, mimi nikanusurika, na meneja Karisa akataka kisa changu kwenye ukurasa wa intaneti. Raha iliyoje! Nikamsimulia Achieng wa mapokezi, akachapa sifa zangu tupu, akaweka na vinambari.

"Mzee, mgeni akibonyeza nambari, anapelekwa kwenye tanbihi, maelezo ya chini kabisa."

Kwa darasa langu la tatu, nikajua asiyebonyeza haoni. Basi wabaya wangu nikawaweka huko: moja, nahodha Mwinyi alilala, mbili, Karisa bahili alikataa kununua maboya.

"Utafutwa kazi, mzee!"

"Wewe chapa!"

Kesho yake Karisa akautoa ukurasa kwa printa, akatusomea wafanyakazi wote. Makofi! Kichwa kikanivimba.

"Kumbe chini pana maneno," akasema. "Moja: nahodha Mwinyi alilala." Akacheka mpaka akafuta miwani. "Mbili: Karisa..."