Tumbo Langu la Kila Mwezi

Akina mama wenzangu, naitwa Kerubo. Mmeniomba niseme yaliyonipata, nami nitayasema bila kuficha, ingawa mengine yana aibu.

Nilikulia kijijini Nyacheki. Nilikuwa msichana wa nguvu; nilichuma chai tangu asubuhi na kupanda mlima na kikapu mgongoni. Lakini kila mwezi siku zangu zilipofika, nilianguka kwa maumivu. Damu ilitoka kwa mabonge. Nilitapika. Kwenda choo kikubwa kulikuwa mateso.

Mama alinikanda kiuno na kuniambia, "Hata mimi nilikuwa hivyo. Ukizaa yataisha."

Miaka michache baada ya Uhuru niliolewa Suneka na Ombati, seremala. Sikuzaa. Tena tendo la ndoa liliniumiza hata nikawa nauma shuka. Sikumwambia. Alidhani simpendi.

Nilikwenda zahanati. Tabibu wa pale aliniuliza nimetembea na wanaume wangapi, akanipa vidonge. Nilirudi nyumbani nikilia.

Mwaka wa nne, mama mkwe alinikuta jikoni nikisonga ugali wa wimbi. "Kerubo, mwanangu anahitaji watoto. Tumempata msichana." Niliendelea kusonga.

Msichana huyo ni Moraa, akawa mke mwenzangu. Nilimchukia. Lakini ndiye aliyenikuta migombani nimezimia, gauni limelowa damu.

"Dada, hii si kawaida," aliniambia. "Mimi pia ni mwanamke, na siumwi hivi." Akamwita Ombati, wakanipeleka hospitali.

Daktari alinipasua tumbo kuangalia. Nilipopata nafuu, alikaa kando ya kitanda.

"Mama, ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando unaotoka na damu kila mwezi. Kwako, utando kama huo umeota nje ya mfuko, mpaka kwenye utumbo. Nao unavuja damu kila mwezi, na damu hiyo haina pa kutokea. Viungo vimeshikana. Ugonjwa huu unaitwa endometriosis."

"Nimerogwa?"

"Hapana. Wala si ugonjwa wa umalaya. Chanzo chake hasa hatukijui. Huwapata zaidi wale ambao mama au dada zao waliugua hivyo. Mama yako je?"

Nilimkumbuka mama, aliyenizaa mimi peke yangu. Nikalia.

Daktari alisema imebaki kuondoa kizazi chote, pamoja na vifuko vya mayai. Maumivu yangepungua, lakini nisingezaa kamwe. Ombati alishika kofia yake mikononi.

"Unataka nini wewe?" aliniuliza. Katika ndoa yetu yote hakuwahi kuniuliza hivyo.

"Nataka kuishi," nikasema.

Baada ya upasuaji joto lilinipanda mwilini kama mwanamke aliyekoma hedhi, jasho likanitoka, na nililia wiki nyingi. Moraa, mwenyewe akiwa mjamzito, ndiye aliyeniosha kidonda.

Sitawadanganya. Hadi leo nikiona mtoto mgongoni mwa mama yake sokoni, naangalia pembeni. Lakini nachuma chai tena, na nakaa chini bila kuumia. Namshukuru Mungu, namshukuru na Moraa.

Binti yenu akilala kitandani kila mwezi, akitapika, akiumia chooni, au akiolewa na kumwogopa mumewe kwa maumivu, msingoje azae. Mpelekeni hospitali mapema. Mimi nilifika wakati hakuna tena cha kuokoa ila maisha yangu.