Usingizi si Ganzi

Baada ya kumzika mama, kila niliyekutana naye mjini aliniambia nimetulia. Majirani waliniambia, wauza vitenge wa njia ya mpakani waliniambia, hata mwenzangu ninayefanya naye kazi kwenye kliniki ya mifugo aliniambia, tena kwa sifa: "Umepiga moyo konde kweli." Sikuwa nimepiga konde lolote. Nilikuwa nimechoka. Msibani wote walinishika mikono wakisema "ihangane", yaani vumilia, nami nikavumilia mpaka nikawa kama gogo. Nilikuwa naamka, nakunywa chai, napanda moto, yaani pikipiki ya abiria, kwenda kazini, narudi, nalala. Mtu akiniuliza hali, nasema nzuri.

Asubuhi moja ya mvua akaja mzee kutoka Rugerero pamoja na jirani yake, mama muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, wamebeba mbwa ndani ya gunia la viazi. Pikipiki ilikuwa imemkanyaga mguu wa nyuma, na mguu ulishaanza kuoza. Gunia lilipofunguliwa ndipo tuliposikia harufu. Nikamwamkia mzee. Kimya. Nikamwamkia tena, maana mimi nimekulia Tanzania na shikamoo yangu huwa siikatishi. Kimya.

"Hasikie, docteur," muuza sambaza akaniambia kwa Kiswahili chake cha mpakani. "Piga makelele kabisa, njo atasikia kidogo. Ule mbwa njo masikio yake. Mutu akipiga hodi, inamukamata muzee koti, inamuvuta mpaka ku mulango. Jikoni ilishika moto, njo yeye alimuamusha. Sasa ikikufa, huyu muzee ataishi na nani? Tutakuwa tunagonga mulango bure, yeye iko ndani, hajue kitu."

Mzee alikuwa anatutazama midomo, mmoja baada ya mwingine. Akapapasa kichwa cha mbwa, akaenda kuketi kwenye benchi la veranda.

Mguu ilikuwa lazima ukatwe. Mwenzangu hukata, mimi husimamia usingizi. Mashine yetu ya gesi ni kuukuu, na kifaa cha kupima presha kilishakufa, kwa hiyo presha yetu ni kidole changu: nakiweka kwenye mshipa wa damu, ndani ya paja la mguu mzima, na sikiondoi mpaka kazi iishe. Mgongo wangu unaijua kazi hiyo vizuri sana.

Mbwa akavuta gesi, akalegea. Muuza sambaza, aliyekuwa anachungulia dirishani bila kuombwa, akatangaza, "Bon, iko lala. Haisikie kitu."

Hapa kwetu wote huamini hivyo, na simlaumu mtu. Lakini usingizi si ganzi. Gesi inamfunga mnyama macho na kumlegeza miguu. Kumbukumbu hatabaki nayo. Moyo wake, hata hivyo, haujaambiwa. Kisu kikigusa pabaya, mnyama hatikisi hata sikio, ila chini ya kidole chako mshipa unaanza kukimbia na kugonga kwa nguvu. Mwili unalalamika kwa njia pekee iliyobaki.

Ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa tumempa dawa ya ganzi kabla, lakini ilielekea haikufika kwenye mshipa mkubwa wa fahamu, kwa sababu mwenzangu alipoufikia, mapigo yaliruka.

"Anaumia," nikasema. "Acha kwanza."

"Ongeza gesi."

"Gesi haitamsaidia. Amepoteza damu, itamshusha presha."

"Yewe! Tutamaliza saa ngapi?" Naye hakuwa mjinga; alikuwa amechoka, kama mimi. Akasukuma koki ya gesi kwa kiwiko. Haukupita muda mrefu, mapigo yakapungua kasi, yakawa mepesi, yakawa membamba. "Umeona? Ametulia."

Nikamfunua mdomo mbwa. Fizi zilikuwa nyeupe.

"Hajatulia!" Nilisikia sauti yangu ikipasuka. "Anazimika! Moyo haujaacha kuuma, umekosa nguvu ya kusema!"

Mwenzangu akanitazama kama mtu asiyenijua. Nikairudisha gesi chini, nikafungulia maji ya mshipani yaende mbio, naye akachukua sindano ya ganzi na kuichoma penyewe, kwenye ule mshipa wa fahamu. Tukasubiri. Sikumbuki kuwahi kuomba kwa ajili ya mbwa, lakini siku ile niliomba. Mungu wangu, usimwache mzee huyu bila masikio. Taratibu mshipa ukajaa chini ya kidole. Kisu kikarudi kazini, na safari hii mapigo yalikwenda mwendo wake, yenye nguvu, hayakumkimbia mtu.

Tulimtoa mbwa nje, kwenye veranda, amelala juu ya blanketi. Gesi ilipoanza kumtoka, akalia. Wengine hulia hivyo wakizinduka, kilio kirefu kibaya, na muuza sambaza akaziba masikio. Mzee hakusikia. Aliona tu nyuso zetu zimekunjamana, akaogopa. Akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye koo la mbwa, akakiacha hapo.

"Iko nalia?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ah, asante Mungu," akasema, na machozi yakamtoka waziwazi. "Kama iko nalia, iko hai."

Akabaki vile, mkono kooni, mpaka mbwa alipochoka kulia na kuanza kumlamba kidole. Kisha akainua uso, akanitazama kama anavyowatazama watu, usoni, kwa muda mrefu, maana hana njia nyingine ya kujua habari zetu.

"Na we, docteur," akasema, "inakuuma wapi?"

Nikamwambia ni mama, amefariki. Nilisema kwa sauti ya chini, kama nilivyozoea. Mzee akasogeza sikio na kutikisa kichwa: hajasikia. Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni na muuza sambaza yuko pale pale na beseni lake la samaki, lakini ningefanyaje? Nikainama nikamshika bega, nikapiga kelele mpaka watu wa barabarani wakageuka: "Mama yangu amekufa!"